Mstari Mwekundu wa Naibu

Naibu wetu alijua mwandiko wa kila mtu. Ungemwekea mezani karatasi isiyo na jina, angeitupia jicho mara moja tu akakwambia hii ni ya mwalimu wa Hisabati, na siku hiyo aliandika akiwa amekasirika. Maazimio yetu ya kazi aliyakagua yeye kila Ijumaa, na kabla ya hapo alikuwa amewafundisha nusu ya watu wa Kiptere kushika penseli, kwa hiyo hata barua za wazazi alizitambua kabla ya kufika kwenye saini. Kuna mzazi mmoja aliyekana kuandika barua ya kumtukana mwalimu wa darasa la nne. Naibu aliishika ile barua, akamwambia polepole, "Hii g yako nilikwambia uifunge tukiwa darasa la pili. Mpaka leo hujaifunga." Mzazi akaomba radhi, akaondoka na barua yake.

Namwita Naibu kwa sababu hatukuwa na jina lingine la kumwita. Hata mumewe, siku aliyokuja kumletea mwavuli, aliuliza langoni kama Naibu yupo. Mwalimu mkuu tulikuwa naye, mtu mpole wa mikutano na safari za ofisini, lakini shule ilikuwa ya Naibu na kila mtu alijua hivyo, mwalimu mkuu mwenyewe akiwa wa kwanza.

Shule yenyewe ilikuwa juu ya kilima, chai pande tatu na barabara ya murram upande wa nne. Saa nane mchana mvua ilinyesha karibu kila siku, na ikinyesha juu ya mabati yale hakuna sauti ya mwalimu iliyoweza kushindana nayo. Ikiwa ya mawe, watoto waliziba masikio. Naibu alikuwa na dawa yake: mvua ikianza, aligeukia ubao akaandika somo zima bila kutamka neno, na watoto walijifunza kumsoma mgongo. Sisi wengine tulikaa tukingoja ipite. Mimi sijui kungoja. Nilikuwa natembea kutoka dirisha hadi dirisha mpaka watoto wakaanza kunicheka.

Alikuwa na kalamu moja tu, nyekundu. Alitia saini kwa nyekundu, aliandika orodha ya sokoni kwa nyekundu, na nasikia hata kadi za rambirambi aliziandika hivyo mpaka mchungaji alipomsihi aache. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na dakika arobaini, aliichukua rula akapiga mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio ya walimu. Waliosaini juu ya mstari walikuwa watu. Waliosaini chini yake walikuwa wachelewaji, na hakukuwa na hadithi ya mtoto, ya tope wala ya daraja iliyoweza kumpandisha mtu juu. Saa yake ilikuwa mbele kwa dakika tano, na alijua. Mwalimu wa Kilimo alipomwambia, alijibu kwamba saa yake haijawahi kumchelewesha mtu.

Lakini mwanamke huyo huyo hakuwahi kumkemea mwalimu mbele ya watoto, hata mara moja. Ukikosa, alikuja mlangoni akakuita kwa adabu ukamsaidie kutazama maua. Mlikwenda mpaka kwenye kitalu kando ya bendera, akainama, akakuonyesha ua moja kwa kidole, na hapo ndipo ulipokipata. Alikusema, na muda wote kidole kiko kwenye ua, na watoto madirishani wakiamini kwamba mnazungumzia mbolea. Mwalimu mgeni alikuwa anafurahia kuitwa kutazama maua mara ya kwanza. Mara ya pili alikuwa anatoka darasani akijifuta jasho.

Misemo yake mingi ilikuwa ile ile ya watu wote, ila yeye aliitumia kama rungu. Mtoto akificha daftari, mficha uchi hazai. Mwalimu akiacha kiti kilichovunjika mguu mmoja, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na wa kwake mwenyewe ulikuwa mmoja, aliousema kila tulipolalamika kuhusu ofisi: "Umemwambia, ama umemnung'unikia?" Tulikuwa hodari wa kunung'unika. Wa kusema hatukuwa nao.

Na hilo lilionekana siku ofisi ya elimu ilipoleta hojaji. Ilikuwa ya kurasa tatu, kuhusu mazingira ya kazi ya walimu, yenye visanduku vya kutia alama kuanzia Siridhiki Kabisa hadi Naridhika Sana. Tuliambiwa tusiandike majina. Tuliambiwa pia kwamba majibu yatasaidia kuboresha shule, na hapo ndipo tulipoogopa, maana tulijua kuna mtu atayasoma. Wa kwanza kumaliza alikuwa mwalimu wa Dini, mama aliyebakiza miaka michache kustaafu na asiyetaka kelele na mtu. Alikuwa ametia Naridhika Sana kuanzia juu hadi chini. Mwalimu aliyekaa karibu naye akachungulia. Kisha fomu yake ikaanza kutembea mezani, mkono kwa mkono, na kufikia kengele ya chai sote tulikuwa tumemaliza. Watu wazima kumi na watano, tunaochapa watoto kwa kosa hilo hilo.

Majibu yalirudi baada ya miezi kadhaa. Ofisi ilitupongeza. Ilisema sisi ni mfano wa kuigwa kwa kuridhika. Shule iliyo ng'ambo ya mto, ambayo walimu wake walilalamika kila mstari, ilipelekewa tangi la maji na choo cha pili cha walimu. Sisi tulikuwa na choo kimoja chenye mlango usiofunga. Ukiingia unaushika kwa mkono na unaimba, ili wa nje ajue kuna mtu, na mwalimu wa Dini alikuwa ameimba humo nyimbo zote za kitabu cha kanisa.

Naibu alikwenda ofisini mwenyewe, akarudi na zile fomu zetu ndani ya mfuko. Sijui aliwaambia nini. Alizisahihisha. Kila fomu ilipata sifuri kwa nyekundu, na chini yake aliandika, Mmenakiliana, njoo unione. Alitugawia wakati wa chai kama anayerudisha mitihani, na hakuhitaji majina kujua ya nani ni ipi. Mwalimu wa Kilimo, mwanamume wa ndevu kamili, alikuwa amenakili kwa uaminifu mpaka ukurasa wa kwanza, akajaza kwamba yeye ni mwanamke mwenye umri wa miaka hamsini na saba. Naibu alimwandikia, Hongera mama. Tulicheka mpaka machozi, halafu tukaona yeye hacheki, tukanyamaza.

"Mliulizwa mnaumwa wapi," alisema. "Mkajibu mko sawa. Sasa mtatibiwa na nani?"

Akatangaza kwamba atatengeneza hojaji yake mwenyewe, ya ukurasa mmoja. Karani aliichapa siku hiyo hiyo. Ilikuwa na maswali matatu: Nini kinakufanya utamani kuhama shule hii? Nini tunaweza kubadilisha wenyewe bila kungoja ofisi? Nini, au nani, anakuzuia kufanya kazi yako vizuri? Tupeleke nyumbani, tujaze kila mtu peke yake, tutumbukize ndani ya katoni ya chaki juu ya kabati, na Ijumaa majibu yasomwe mbele ya wote.

Hapa lazima nijieleze. Mimi ni mtoto wa kambi. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, na nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako king'ora ndicho kilichoamua lini mtu anaamka. Niliapa sitaishi kwa king'ora. Sasa nilikuwa na mtoto wa miezi minne, chumba cha kupanga sokoni, na msichana wa kumwangalia mtoto ambaye hakufika kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Kutoka sokoni hadi shule ni nusu saa ya kupanda. Kila siku ya Mungu nilisaini chini ya mstari. Chini ya mstari mara tano ilikuwa barua kwenye faili, nami nilikuwa na barua mbili. Ya tatu ingetoka shuleni ikaenda kwa mwajiri, na hapo ingekuwa kazi yenyewe. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na fomu ya uhamisho niliyokwisha kuijaza, inangoja saini ya mwalimu mkuu tu. Mara mbili nilifika mlangoni kwake nikageuka.

Nilikuwa nimejaribu kumweleza Naibu. Aliniita kutazama maua. Alisema mama anayenyonyesha si mgonjwa, na kwamba yeye aliwalea wanne na hakuwahi kuuona mstari ukiwa juu yake. Maziwa yalikuwa yananivuja kwenye blauzi wakati akisema hivyo. Nilimchukia, na sioni haja ya kuficha.

Basi kwenye swali la tatu niliandika hivi: Ni mstari mwekundu wa Naibu. Siku nikiondoka hapa sitakuwa nimekimbia watoto, wala mvua, wala choo. Nitakuwa nimemkimbia yeye. Nilikunja karatasi nikaitumbukiza kwenye katoni, na hapo hapo nikakumbuka miandiko. Nilirudi mara tatu kabla ya Ijumaa nikijifanya natafuta chaki. Mara zote tatu kulikuwa na mtu chumbani.

Ijumaa tulikaa wote, mwalimu mkuu akiwa kwenye kona. Naibu aliishusha katoni akaiweka mbele ya karani. Kisha akavua miwani, akaitia kwenye mfuko wa sweta, akafunga kifungo cha mfuko. Nilidhani ni maringo. Alimwambia karani atoe moja moja na asome kwa sauti, na yeye akasimama ubaoni na chaki, akiandika kila jambo kwa herufi kubwa zilizokwenda upande. Choo. Mlango wa choo. Kelele za mabati kipindi cha mchana. Viti. Masomo ya alfajiri kila siku kwa kila mwalimu. Mtu mmoja alilalamika kuhusu sauti ya mwenzake anapokunywa chai, na sote tulimtazama mwalimu wa Kilimo.

Ya kwangu ilikuwa ya tisa au ya kumi. Karani aliisoma kimoyomoyo kwanza, midomo ikitembea, akamtazama Naibu, akasema labda hii tuiruke.

"Soma," Naibu alisema.

Akasoma. Nilikuwa natazama ndani ya kikombe changu. Mkuki kwa nguruwe, nilijiambia, kwa binadamu mchungu, lakini haukunifurahisha hata kidogo. Naibu alikuwa ameinua chaki na haikugusa ubao.

"Soma tena."

Karani akasoma tena, safari hii polepole, na maneno yangu yakasikika mabaya zaidi. Naibu aligeuka akatutazama, au akatazama tulipokuwa, maana bila miwani sidhani alituona vizuri.

"Ni kweli?"

Kisha mwalimu wa Dini, yule yule wa Naridhika Sana, aliinua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaufuata wa mwalimu wa Hisabati. Mwisho mikono ilikuwa saba, na wangu haukuwemo, kwa sababu niliogopa kwamba ungetambulika. Naibu aliihesabu. Akageuka, akaandika ubaoni, chini ya mlango wa choo: Naibu.

Msidhani alibadilika akawa malaika. Kwa wiki tatu alitusalimia kama mtu anayetema mbegu. Mlango wa choo ulitengenezwa na mumewe Jumamosi moja, bila maneno. Mabati ya darasa moja yaliwekewa dari ya magunia ya zamani, ikapunguza kelele kidogo na kuleta panya wengi. Masomo ya alfajiri yalipangwa kwa zamu, kila mwalimu asubuhi mbili kwa wiki, na mstari mwekundu ukabaki kwa walio zamu tu. Zamu zangu ziliangukia siku ambazo dada yangu aliweza kulala kwangu. Sijui kama ilikuwa bahati.

Na siku moja aliniita kutazama maua. Nilitoka darasani nikijua nimepatikana. Aliinama, akaelekeza kidole kwenye ua, akasema kile chumba cha kuhifadhia ramani kina mlango unaofunga kwa ndani, na kwamba mama hawezi kukamua maziwa kwenye choo. Nikitaka, msichana amlete mtoto saa nne. Jioni ile nilimwona akitoa ramani zilizochanika na tufe lililobonyea, yeye mwenyewe, akilikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Fomu ya uhamisho niliichana nikiwa njiani kwenda nyumbani.

Lakini sikutulia. Miaka miwili zaidi niliyokaa pale sikutulia hata Ijumaa moja. Alipofungua maazimio yangu ya kazi nilitazama jicho lake linasimama wapi. Kuna wakati nilianza kuandika herufi zikilalia kushoto, kazi ya kuumiza kiganja, ili zisifanane na zile za kwenye karatasi. Wiki ya pili aliandika pembeni kwa nyekundu: Mwandiko umeharibika. Unaumwa? Nililala na swali hilo mwezi mzima. Anajua, nilisema. Halafu nikasema, angejua asingenipa chumba. Halafu nikasema, alinipa chumba kwa sababu anajua. Nilihama kwa wema, nikapandishwa cheo, yeye akastaafu, na bado nilikuwa nikiosha vyombo nakuta najibishana naye.

Sasa mimi ndiye Naibu, kwenye shule ya upande wa Fort Ternan, bondeni, ambako kuna joto na miwa na reli. Nilipofika nilifanya kama alivyofanya: ukurasa mmoja, maswali matatu, katoni ya chaki. Walimu wangu wengi ni vijana, na watatu kati yao walitoka Kiptere. Nilizisoma fomu mwenyewe, ofisini, mlango umefungwa. Moja ilisema: Naibu huuliza maoni, lakini hasubiri jibu. Anakuja na jibu lake mfukoni.

Sikuweza kukaa. Nilijaribu kulinganisha mwandiko na maazimio yao, nikashindwa, sina kipaji hicho. Siku tatu niliwatazama wale vijana watatu wakinywa chai. Nilimkemea mmoja kwa kosa ambalo sasa hata silikumbuki. Ndipo nilipokumbuka kwamba wote watatu walijifunza kuandika kwa mtu mmoja, na kwamba mtu huyo angeiangalia karatasi mara moja tu.

Nilimkuta Jumamosi asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia majani, ameketi kwenye ubao mrefu na gunia lake la chai, anangoja gari la kiwanda pamoja na majirani. Alikuwa amepungua mwili. Sweta ilikuwa ile ile, au ndugu yake. Nilimwamkia, chamgei, akaitikia na kunisogezea nafasi, akauliza habari za mtoto. Nilimwambia mtoto yuko darasa la sita na anachelewa kila siku. Akacheka. Niliuliza habari za miguu yake, na kabla hajamaliza kunijibu nilikuwa nimeshatoa karatasi kwenye mkoba nikamwekea magotini, nikamwambia kuna mwalimu ameandika hivi, na nina hakika ni mmoja wa watoto wako.

Hakuitazama. Alivua miwani, akaitia kwenye mfuko wa sweta, akafunga kifungo.

"Nisomee," alisema.

"Lakini Madam, nilitaka uangalie mwandiko."

"Najua. Ndiyo nimevua."

Miaka yote ile, Ijumaa zote zile, mkono wangu uliopindishwa kushoto, na jibu lilikuwa limefungwa kifungo mbele ya macho yangu. Hakujua. Alikuwa na uwezo wa kujua kwa kutupa jicho mara moja, akakataa, ili Jumatatu aweze kutusalimia wote sawasawa, hata kama kwa kutema mbegu. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia. Na kwa kuwa mimi sijui kungoja, nikamwambia.

"Ile karatasi ya mstari mwekundu ilikuwa yangu. Kwamba nitakuwa nimekukimbia wewe. Ni mimi niliandika."

Nadhani nilitegemea anishike mkono. Alitazama chai iliyo ng'ambo ya barabara. Jirani mmoja alimuuliza jambo kwa Kikipsigis, hakumjibu.

"Nilikaa bila kujua miaka yote hii," alisema hatimaye. "Haikuwa rahisi. Wakati mwingine nilikuwa natamani sana. Sasa mbona umeniambia?"

Nilisema nilidhani itakuwa vizuri. Alitikisa kichwa, bila ukali, akakunja mikono juu ya gunia lake.

"Haya. Nisomee hiyo yako."

Nikasoma. Naibu huuliza maoni, lakini hasubiri jibu. Anakuja na jibu lake mfukoni.

"Soma tena."

Nikasoma tena, polepole. Gari la kiwanda lilikuwa linakuja, watu wakaanza kuinua magunia yao, naye akasimama akashika la kwake kwa pembe moja, nami nikashika pembe nyingine. Hakuuliza kama ni kweli.